Kuchimba Si Kazi, Kazi Ni Kukaa Humu

Wiki ya pili ya mvua za Aprili, vijana wa mkandarasi walichimba mtaro wa bomba la majitaka kwenye kijia kinachopita mbele ya lango letu. Siku ya nne nilitoka kwenda dukani nikamkuta mmoja wao ameketi ndani ya mtaro huo, juu ya mtungi wa lita 20 uliopinduliwa, anakula githeri. Kichwa chake kilikuwa chini ya usawa wa miguu yangu. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalimfika juu ya vifundo, na kwa kuwa gambuti zake zilikuwa zimepasuka, alikuwa amefunga miguu kwa karatasi za mkate kabla ya kuzivaa. Karatasi hizo zilichungulia kwenye mpasuko kila aliposogeza mguu.

Nilimwambia pole kwa kuchimba.

"Kuchimba si kazi, mama," alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye chakula chake. "Kazi ni kukaa humu."

Nilinunua nilichokwenda kununua, nikarudi nyumbani, nikapika, nikalala. Maneno yake yalibaki.

Nimekaa nayo kwa wiki sita sasa, kwa sababu yalinirudisha kwenye jambo nililodhani nimekwisha kulijua. Tangu nikiwa shule ya upili nimekuwa nikisoma habari za Vita Kuu ya Kwanza, na ninaweza kutaja mapigano, majenerali na miaka. Hata hivyo sikuwahi kujiuliza swali ambalo mtu yeyote anayeendesha nyumba angeliuliza kwanza: watu waliokaa ndani ya mahandaki kwa miaka minne waliteka maji wapi, walipika kwa kuni zipi, walianika wapi soksi zao, na ni nani aliyekuwa akiwaletea?

## Alfajiri

Naanza na Ulaya, kwa sababu huko ndiko neno handaki lilikopata uzito wake wote. Kufikia mwisho wa mwaka 1914 mahandaki yalikuwa yametanda kutoka pwani ya Bahari ya Kaskazini, nchini Ubelgiji, hadi mpaka wa Uswisi, umbali wa kilomita 700 hivi. Hayakuchimbwa kwa mstari ulionyooka. Yalipinda kila baada ya hatua chache, ili kombora likiangukia kipande kimoja lisiwaue waliojificha nyuma ya kona, na adui akifaulu kuingia asiweze kumimina risasi kutoka mwanzo hadi mwisho.

Siku ilianza kabla ya jua. Kila askari aliamshwa gizani, akapanda kwenye kidato cha udongo kilichochongwa kwenye ukuta wa mbele, singe ikiwa imechomekwa kwenye bunduki, akakodoa macho kuelekea upande wa adui, kwa kuwa mapambazuko ndiyo yaliyokuwa saa ya kushambuliwa. Mara nyingi hakuja mtu. Mwanga ulipotosha waliteremka, na katika jeshi la Uingereza waligawiwa ramu kidogo, wakasafisha bunduki, zikakaguliwa, ndipo wakapata kifungua kinywa. Katika baadhi ya sehemu za mstari ule, pande mbili ziliachana wakati wa kifungua kinywa bila mapatano yoyote ya maandishi: huyu hakupiga risasi mwenzake alipokuwa akichemsha chai, kwa kuwa alijua kwamba yeye naye ana chai ya kuchemsha.

Kila ninapoisoma habari hiyo husimama na kuirudia.

Kisha ilikuja siku yenyewe, nayo siku yenyewe ilikuwa kazi za nyumbani. Walijaza magunia ya mchanga ili kuziba mahali ukuta ulipobomoka usiku. Waliinua mbao za kukanyagia zilizozama kwenye tope. Walichota maji kwa ndoo wakayamwaga nje, na maji yakarudi. Walichimba choo kipya na kufukia cha zamani. Walilala kwa zamu, wameketi au wamejikunja kwenye vishimo vya ukutani, na mchana aliyeinua kichwa juu ya ukingo alimfanyia mdunguaji kazi yake iwe rahisi. Shughuli nzito zilisubiri giza: kutengeneza seng'enge mbele ya handaki, kupeleleza, kwenda nyuma kuleta nyama ya makopo, biskuti ngumu, barua na maji ya kunywa.

Maji hayo yalibebwa ndani ya madebe yaliyowahi kuwa na petroli, na askari wengi walilalamika kwamba chai yao ina ladha ya petroli. Mimi ni mtoto wa nyumba iliyochota maji kwa debe lililokuwa la mafuta ya taa, na mama aliliosha kwa majivu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, lakini harufu haikuisha mpaka debe lenyewe likatoboka. Kwa hiyo hapo sikuhitaji kuelezwa.

## Soksi kavu

Katika majira ya baridi ya kwanza, mwishoni mwa 1914 na mwanzoni mwa 1915, maelfu ya askari walitolewa mstari wa mbele bila kuguswa na risasi. Walikuwa wamesimama ndani ya maji baridi siku kadhaa bila kuvua viatu. Mguu hufa ganzi kwanza, halafu huvimba, hubadilika rangi, na ukiachwa huoza, na wapo waliokatwa vidole au miguu mizima.

Kinga yake haikutoka kwa daktari wala kiwandani. Ilikuwa soksi kavu. Amri ilitolewa kwamba askari wavue viatu, wakaushe miguu, waipake mafuta ya nyangumi na wabadilishe soksi kila siku. Na kwa kuwa mtu aliyechoka hujidanganya kuhusu mwili wake mwenyewe, walipangwa wawili wawili, kila mmoja akiwajibika kwa miguu ya mwenzake. Maofisa walilazimika kukagua. Idadi ya wagonjwa ilishuka. Ninafikiri mara nyingi kuhusu vijana hao wawili, usiku, mmoja ameushika mguu wa mwenzake mapajani, anausugua, na hakuna aliyeandika kuwa huo nao ulikuwa ushujaa.

Nilifikiri pia kuhusu karatasi za mkate.

Chawa walikuwa mzigo wa pili. Walijificha kwenye mishono ya nguo, na askari walikaa mchana wakipitisha mwali wa mshumaa kwenye mshono taratibu, wakisikiliza mayai yakipasuka, bila kuunguza kitambaa. Wengi walishikwa na homa iliyowarudia kila baada ya siku chache, na mpaka mwaka 1918 ndipo ilipothibitishwa kwamba ililetwa na chawa hao hao. Kuhusu panya sitaandika mengi. Walinona, na kila mtu anajua walinona kwa kula nini.

Waafrika nao walikuwepo. Kutoka Afrika ya Magharibi, Ufaransa ilipeleka Ulaya zaidi ya askari 100,000, na kila majira ya baridi ilibidi wengi wao waondolewe kwenye mahandaki na kupelekwa kusini mwa Ufaransa, katika kambi za eneo la Fréjus, kwa sababu nimonia iliwaua kama mizinga. Nimejaribu kumfikiria kijana aliyezaliwa kando ya mto Niger akiambiwa kwa ishara jinsi ya kukausha soksi, kitu ambacho hakuwahi kukivaa kabla ya safari ile.

## Handaki lililokuwa chini ya kilima

Sisi wa huku tumezoea kusema kwamba vita vyetu havikuwa vya mahandaki, kwamba vilikuwa vya mwendo mrefu na vichaka. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini mtu akitoka Voi kuelekea Taveta hupita penye majina ambayo yote yalikuwa ngome: Maktau, Mbuyuni, Salaita.

Wajerumani waliitwaa Taveta mwezi Agosti 1914 na wakajichimbia Salaita, kilima kidogo kwenye nyika tambarare. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walikishambulia, wakiwatanguliza askari wageni kutoka Afrika Kusini. Mizinga yao ilipiga kilele cha kilima kwa muda mrefu na kwa bidii. Mahandaki ya kweli hayakuwa kileleni. Yalikuwa chini, kwenye tako la kilima, yamefichwa na vichaka, na walioyakalia walingoja mpaka washambulizi walipokaribia. Shambulio lilivunjika, na kilima hakikutekwa mpaka mwezi uliofuata, Wajerumani walipozungukwa na kuondoka wenyewe.

Historia hukomea hapo. Mimi sasa ninaangalia miezi 18 iliyotangulia siku ile, ambamo watu walikaa pande zote mbili za nyika ile wakingojeana. Hakuna mto pale. Upande wa Waingereza, maji yaliletwa kwa bomba kutoka milima ya Bura, na reli ikajengwa kutoka Voi, hatua kwa hatua, ili chakula kifike. Upande wa Wajerumani, askari wengi walikuwa na wake na watoto wao kambini, na wanawake hao ndio waliosaga, waliopika, waliotafuta kuni na waliowafuata waume zao jeshi liliposogea. Nimetafuta sanamu yao katika miji yetu na sijaiona. Jeshi hilo lilipokatiwa njia ya bahari lilijitengenezea mambo mengi lenyewe: viatu vya ngozi za wanyama, nguo za pamba iliyofumwa kwa mkono, na kwinini kutoka magome ya miti iliyopandwa katika kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara.

Kila ninaposoma kuhusu vita hivyo, naona kwamba aliyedumu ni yule aliyekuwa na mtu wa kumpikia.

## Kibata

Kipo kipindi kimoja ambacho vita vya Afrika Mashariki vilifanana kabisa na vile vya Ufaransa. Kilikuwa Kibata, kwenye milima ya Matumbi, nyuma ya Kilwa, kuanzia Desemba 1916 hadi Januari 1917. Milima hiyo hiyo ndiyo ilikoanzia Maji Maji mwaka 1905, kwa hiyo wenyeji wake walikuwa wamekwisha kuona moto wa kutosha.

Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika), Wabaluchi kutoka India na kikosi cha Gold Coast, Ghana ya leo, walijichimbia kwenye vilele, na Wajerumani wakajichimbia kwenye vilele vilivyowatazama, karibu mno. Wajerumani walikuwa wamekokota mzinga wa meli yao ya kivita, Königsberg, mpaka huko juu. Mvua ilinyesha. Mahandaki yalijaa maji na tope, kuta zikaanguka, mabomu ya mkono yakarushwa usiku kutoka shimo hadi shimo, na kilima kilichotekwa na askari wa Gold Coast tarehe 15 Desemba kwa hasara kubwa kilibaki na jina lao.

Fikiria sasa maisha ya kila siku mahali hapo. Askari yuko shimoni, hawezi kusimama wima mchana. Chakula chake hakiko mlimani. Kiko Kilwa, pwani. Hakuna reli. Farasi, nyumbu na ng'ombe hufa kwa mbung'o kabla hawajamaliza safari chache. Magari hayapandi njia ile. Basi kila kibaba cha unga, kila risasi, kila kopo, kila bendeji iliyofika katika handaki la Kibata, ilifika juu ya kichwa cha mtu.

Na mtu huyo naye alikula.

## Hesabu ya mzigo

Niliketi mezani siku moja usiku, watoto wakiwa wamelala, nikaifanya hesabu hiyo nyuma ya risiti ya stima. Mpagazi alibeba kilo 25 hivi. Alihitaji karibu kilo moja ya unga kwa siku ili aweze kutembea. Ikiwa hakuna ghala njiani naye hula katika mzigo alioubeba, basi safari ya siku tano kwenda na tano kurudi humfikishia askari kilo 15 tu. Safari ya siku kumi kwenda na kumi kurudi humfikishia kilo tano. Siku ya kumi na tatu ya kwenda, mpagazi amebeba chakula ambacho hakimtoshi hata yeye mwenyewe kurudi, na handaki halijapata hata kijiko.

Kwa hiyo kila jeshi liliposogea mbali zaidi na pwani, wapagazi waliongezwa, na wapagazi wa kuwabebea wapagazi wakaongezwa, na aliyekuwa rahisi kupunguziwa posho ni yule aliyekuwa mwisho wa mstari, gizani, bila bunduki wala mtetezi.

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa ile idadi. KAR ilianza vita ikiwa na batalioni 3, ikamaliza ikiwa na 22. Lakini wapagazi na watumishi wengine waliochukuliwa na Waingereza katika nchi zote za eneo hili walihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na mwaka 1917 ulifanyika msako mkubwa ambao uliacha vijiji vingi vya nchi hii bila vijana. Hesabu rasmi yenyewe ilikiri kwamba waliokufa walikuwa takriban 95,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia.

Nilipofika kwenye kuhara damu niliiweka kalamu chini, kwa sababu niliukumbuka ugali.

## Ugali usioiva

Babu yake mama alikuwa kijana wa Ukambani alipochukuliwa mwaka huo wa 1917. Alirudi. Hakueleza alifika wapi, na nyumbani kwetu neno pekee lililobaki ni Kariakoo, ambalo sisi watoto tulidhani ni mahali pa kuuzia nguo. Mama alimfahamu akiwa mzee sana, naye akiwa msichana wa kumpikia. Kati ya mambo machache anayoyakumbuka ni kwamba mzee huyo alikuwa msumbufu kwa ugali. Aliuminya kwa kidole gumba. Ukishika kidole, au akihisi punje ya unga mbichi, aliurudisha jikoni hata kama wageni walikuwa wamekwisha kunawa mikono.

Tuliisimulia kama hadithi ya kuchekesha. Katika familia yetu mtu akiwa mgumu wa kuridhika kwa chakula huambiwa amemrithi Babu.

Sasa nimesoma jinsi walivyokufa. Mpagazi alifika kambini magharibi, amelowa, na akapewa unga mkavu wa mahindi, uliosagwa kwa kukwaruza, ambao unahitaji moto wa muda mrefu. Kuni zilikuwa mbichi. Sufuria zilikuwa chache kuliko watu. Wengi walitoka kwenye jamii zilizokula mtama, wimbi, mawele, ndizi au viazi, na matumbo yao hayakuwa yamezoea chakula kile hata kikiiva vizuri. Waliukoroga kwenye maji yasiyochemka, wakaula ukiwa nusu mbichi, wakalala chini ya mvua. Unga ule uliwakwangua matumbo. Waliharisha, wakadhoofika, vijidudu vya kuhara damu vikakuta mlango wazi, na asubuhi mzigo uliwangoja. Katika miaka ya mwisho ya vita ndipo madaktari walipofaulu kusisitiza kwamba chakula kipikwe kwa pamoja, katika vyungu vikubwa, na wapishi waliofundishwa, kabla ya kugawiwa. Wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa kando ya njia.

Je, nina haki ya kuunganisha kidole gumba cha mzee mmoja na mambo hayo?

Nimejiuliza swali hilo kwa dhati, na mara mbili nimeifuta aya hii. Huenda alikuwa tu mtu aliyependa ugali mgumu, kama wanaume wengi ninaowafahamu. Mtu anayesoma sana huanza kuona vita katika kila kitu, na ni rahisi kumvalisha marehemu maana ambayo hakuwahi kuivaa. Ninaogopa pia jambo la pili, kwamba kwa kuandika habari za kijana wa mtaroni na za askari wa Kibata katika ukurasa mmoja nitakuwa nimewakosea wote wawili. Kijana yule hupanda matatu jioni akarudi kwake. Hakuna anayemrushia bomu. Askari wa Kibata hakulipwa kwa siku, wala hakuweza kusema kesho siji.

Lakini nimeiacha aya, kwa sababu moja. Kijana yule alijua tofauti kati ya kuchimba na kukaa, na mimi niliyesoma vitabu kwa miaka zaidi ya ishirini sikuijua. Vitabu vyangu vilinieleza jinsi mahandaki yalivyochimbwa, yalivyoshambuliwa na yalivyotekwa. Kukaa, pamoja na maji yake, choo chake, soksi zake, sufuria zake na mtu wa kuleta kuni, kulichukua sehemu kubwa ya saa za vita na kulimaliza sehemu kubwa ya watu, na katika vitabu hivyo kulipewa kurasa mbili.

## Miguu na mikono

Jumamosi moja nilishuka mjini kwa makusudi, nikasimama mbele ya sanamu za askari kwenye barabara ya Kenyatta, Nairobi. Nimepita hapo maisha yangu yote nikikimbilia magari. Ni watu watatu wa shaba, na maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yanayowataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Ziliwekwa mwaka 1928.

Nilisoma maneno hayo polepole, huku watu wakinipita. Ni maneno mazuri na ni ya kweli, na ukweli wake ndio ulioniuma, kwa kuwa miguu na mikono haina jina. Maandishi hayo huwaahidi waliokufa kwamba watoto wao watawakumbuka kwa majina, lakini hapo hapakuandikwa jina hata moja. Mwaka 2021 kamati maalumu ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri jambo hilo waziwazi: kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni mwezi Aprili mwaka huo. Niliipokea radhi hiyo kwa heshima. Bado nilitaka kujua walikula nini.

Kutoka hapo nilitembea mpaka Kariokor. Jina hilo ni Carrier Corps lililopita kwenye ndimi zetu, kama Kariakoo ya Dar es Salaam, kwa kuwa kambi ya wapagazi ilikuwa hapo. Ilikuwa saa saba mchana. Moshi wa nyama ulikuwa umetanda, na kwenye kibanda kimoja mama mmoja alikuwa anasonga ugali kwenye sufuria kubwa iliyomfika kiunoni, ameshikilia mwiko kwa mikono miwili, anaukandamiza ukutani mwa sufuria, anaugeuza, anaukandamiza tena. Nilimwangalia mpaka akanikaribisha kwa kudhani nina njaa. Niliketi nikala. Ulikuwa umeiva.

## Simu

Mtaro wetu ulifukiwa wiki iliyopita. Nilikuwa nimekusudia kumpelekea kijana yule chai, na pengine jozi moja ya gambuti za mume wangu ambazo hazivaliwi, lakini nilipotoka asubuhi walikuwa wamekwisha kuhamia barabara nyingine na mkandarasi hakujua nilimzungumzia nani kati ya vijana wake.

Jioni ile nilimpigia mama simu. Nilimwomba anieleze tena habari ya Babu na ugali, taratibu, bila kucheka.

"Mbona leo unaulizia hayo, mwanangu?"

Nilimwambia ninaandika kitu. Alinieleza habari ya kidole gumba, ya wageni waliokwisha kunawa, ya nyanya yake aliyekuwa akinung'unika. Nilimuuliza kama mzee aliwahi kusema kwa nini.

"Hakuwa mtu wa kueleza," alisema mama. "Alisema tu, 'Rudisha.'"

"Kisha?"

Alinyamaza kidogo, nikasikia redio yake kwa mbali.

"Kisha anaufuata. Mwanamume wa siku zile, mzee, anaingia jikoni kwa wanawake, anaketi kwenye kigoda changu, anasukuma kuni ndani mpaka uive. Halafu anatugawia sisi watoto kwanza."

"Na yeye?"

"Yeye alikula wa mwisho. Alitutazama tukila."